Wakfu wa China: Miaka 100 ya Fedha za Fidia na Baraza Lililozilinda

Wakfu wa China wa Kukuza Elimu na Utamaduni uliundwa mjini Beijing tarehe 17 Septemba 1924 kwa amri ya Rais Cao Kun. Kazi yake ilikuwa kupokea fedha za fidia ya Boxer zilizosamehewa na Marekani, kuzitunza, na kuzigawa kwa ajili ya elimu na sayansi nchini China. Baraza lake la wadhamini lilikuwa na viti 15, vya Wachina 10 na vya Wamarekani 5. Serikali iliyotoa amri hiyo ilipinduliwa mwezi uliofuata. Wakfu ulibaki, na mwaka 2024 ulitimiza miaka 100.

Taasisi nyingi zilizoundwa China katika miaka ile ya majenerali na vita vya wenyewe kwa wenyewe zilikufa pamoja na serikali zilizoziunda. Wakfu huu uliponea mtihani mkubwa kati ya Julai 1928 na Januari 1929, pale serikali mpya ya Nanjing ilipotaka kulibadilisha baraza lote kwa amri moja. Suluhisho lililopatikana lilitokana na tahadhari ya pande zote: Serikali iliyokuwa na haki ya kudai heshima yake, wasomi waliojua thamani ya taasisi huru, na wanadiplomasia wa Marekani waliojua kwamba neno moja la kibabe lingeharibu kila kitu.

Chimbuko la fedha

Mwaka 1900 wapiganaji wa Boxer, wakiungwa mkono na Mfalme Mama Cixi, waliuzingira mtaa wa mabalozi mjini Beijing kwa siku 55. Majeshi ya mataifa manane yaliingia mjini humo, yakavunja mzingiro na kupora mji. Tarehe 7 Septemba 1901 China ililazimishwa kutia saini mkataba ulioitaka ilipe fidia ya taeli milioni 450 za fedha, kwa riba ya asilimia 4, katika kipindi cha miaka 39. Pamoja na riba, jumla ilikaribia taeli milioni 982. Dhamana ya deni hilo ilikuwa mapato ya forodha na ya kodi ya chumvi, kwa hiyo mlipaji halisi alikuwa mwananchi wa kawaida wa China, aliyeilipa kila aliponunua chumvi ya kutia chunguni.

Fungu la Marekani lilikuwa takriban asilimia 7 ya fidia yote, zaidi ya dola milioni 24. Liang Cheng, mwakilishi wa China mjini Washington kuanzia mwaka 1903, alibaini kwamba kiasi hicho kilizidi sana hasara halisi ya Wamarekani, akaanza kudai ziada irudishwe. Alilisukuma jambo hilo kwa subira kwenye ofisi za Serikali, magazetini na mikutanoni. Tarehe 25 Mei 1908 Kongresi ya Marekani iliidhinisha kupunguza deni hilo, na kuanzia Januari 1909 China ikasamehewa karibu dola milioni 11 zilizokuwa bado hazijalipwa.

Fedha hizo zilielekezwa kwenye masomo ya vijana wa Kichina nchini Marekani. Kundi la kwanza la wanafunzi 47 liliondoka mwaka 1909, na miongoni mwao alikuwamo Mei Yiqi, aliyekuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua. Kundi la mwaka 1910 lilikuwa na wanafunzi 70, wakiwamo Hu Shih na Zhao Yuanren. Mwaka 1911 shule ya kuwaandaa vijana hao ilifunguliwa katika bustani ya kifalme ya Tsinghua, kaskazini magharibi mwa Beijing. Hata hivyo, usimamizi wa msamaha huo wa kwanza uliacha manung'uniko. Shule ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya China, na ubalozi wa Marekani ulikuwa na sauti katika mambo yake. Wachina wengi waliiona kuwa ni shule ya hisani ya wageni iliyojengwa kwa fedha za Wachina wenyewe.

Msamaha wa pili na kuundwa kwa Wakfu

Tarehe 21 Mei 1924 Kongresi ilipitisha azimio la pili. Safari hii ilisamehe sehemu yote iliyosalia kuanzia Oktoba 1917, kiasi cha zaidi ya dola milioni 12.5 ukijumlisha mtaji na riba. Azimio lilimpa Rais wa Marekani mamlaka ya kurudisha fedha hizo kwa wakati na kwa namna ambayo yeye ataiona kuwa ya haki, kwa lengo la kuendeleza elimu na utamaduni nchini China. Maneno hayo machache yalikuja kuwa na uzito mkubwa miaka minne baadaye.

Swali la haraka lilikuwa nani azipokee. Serikali ya Beijing ilikuwa haina nguvu nje ya mji wake. Majenerali walikuwa wakigombea mapato ya reli na forodha, na walimu wa Beijing walikuwa wamegoma mwaka 1921 kwa kutolipwa mishahara. Fedha ambazo zingeingia katika hazina ya Serikali zingeishia kwenye risasi na posho za askari. Kwa upande mwingine, kuziacha mikononi mwa ubalozi wa Marekani kungekuwa kurudia kosa la Tsinghua, tena katika miaka ambayo hasira ya Wachina dhidi ya ubeberu ilikuwa imepanda.

Profesa Paul Monroe wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyekuwa ameifahamu China kwa ziara ya uchunguzi wa shule mwaka 1921, alikwenda tena mwaka 1924 kuzungumza na walimu, mawaziri na wanadiplomasia. Mazungumzo hayo yalizaa muundo wa wakfu unaojitegemea. Miongoni mwa wadhamini wa Kichina walikuwamo wanadiplomasia Yan Huiqing, Gu Weijun na Shi Zhaoji, pamoja na waelimishaji Zhang Boling, Jiang Menglin, Guo Bingwen, Fan Yuanlian na Huang Yanpei. Upande wa Marekani ulikuwa na Monroe mwenyewe, mwanafalsafa John Dewey, Roger Greene, John Earl Baker na Charles Bennett.

Nguzo ya muundo huo ilikuwa kanuni moja ya uchaguzi. Baada ya uteuzi wa kwanza wa Serikali, mdhamini akijiuzulu, akifa au akimaliza muda wake, wa kujaza nafasi yake huchaguliwa na wadhamini waliobaki. Serikali ya China haikuwa na haki ya kuteua tena, na Serikali ya Marekani vilevile. Wachina walikuwa wengi wa kutosha kuamua jambo lolote kwa kura. Wamarekani walikuwamo kama mashahidi na washauri, na kuwapo kwao kuliwafanya majenerali wasite kuunyooshea Wakfu mkono.

Mkutano wa kwanza wa mwaka ulifanyika Tianjin mwezi Juni 1925. Uliamua kwamba fedha zitumike kukuza maarifa ya sayansi na matumizi yake katika mazingira ya China, kwa njia ya mafunzo ya ufundi, utafiti na ufundishaji wa sayansi, na pia kwa taasisi za kudumu za utamaduni kama maktaba. Baraza liliamua vilevile kutenga sehemu ya kila mapato kuwa mtaji wa kudumu, kwa kuwa malipo ya fidia yangekoma mwaka 1940 na kazi isingekoma siku hiyo. Tarehe 16 Julai 1925 Rais Calvin Coolidge alitia saini amri ya kuukabidhi Wakfu fedha hizo.

Kazi za mwanzo

Fan Yuanlian, aliyewahi kuwa waziri wa elimu, alikuwa mkurugenzi wa kwanza. Chini yake Wakfu ulianzisha viti vya maprofesa wa sayansi katika vyuo vya mikoa mbalimbali, ukatoa ruzuku kwa maabara, na ukafungua idara ya uchunguzi wa jamii iliyoongozwa na Tao Menghe. Novemba 1925 ulikubaliana na Wizara ya Elimu kujenga pamoja maktaba kubwa mjini Beijing, kila upande ukichangia. Wizara haikuweza kutoa fungu lake, kwani hazina ilikuwa tupu. Wakfu ukaufungua mradi huo peke yake mwaka 1926 katika bustani ya Beihai, na mwanazuoni Liang Qichao akawa mkuu wake wa kwanza.

Tukio hilo liliwafundisha wadhamini kwamba ahadi ya serikali ya Beijing haikuwa na fedha nyuma yake, na kwamba Wakfu ndio uliokuwa umesimama imara pale ambapo kila kitu kingine kilikuwa kinayumba. Fan Yuanlian alifariki Desemba 1927. Kabla mwaka haujaisha, Jeshi la Mapinduzi lililoongozwa na Chiang Kai-shek lilikuwa limeshaikamata sehemu kubwa ya kusini na ya kati ya nchi.

Serikali mpya na amri ya Julai 1928

Juni 1928 majeshi ya Kuomintang, chama cha Chiang Kai-shek, yaliingia Beijing. Mji ukabadilishwa jina kuwa Beiping, na Nanjing ukawa makao makuu ya Serikali ya Kitaifa. Tarehe 25 Julai Marekani ilitia saini na Serikali hiyo mkataba uliokubali China ijipangie ushuru wake wa forodha. Waliotia saini ni Waziri wa Fedha Song Ziwen na mwakilishi wa Marekani John MacMurray. Ulikuwa mkataba wa kwanza wa aina hiyo kati ya Nanjing na taifa kubwa, na ulichukuliwa kuwa ndio utambuzi wa Serikali mpya.

Siku chache baadaye Nanjing ilitangaza kwamba katiba ya zamani ya Wakfu imefutwa, na ikataja majina ya wadhamini wapya 15. Waliotolewa walikuwamo Yan Huiqing, Gu Weijun, Zhang Boling, Guo Bingwen na Zhou Yichun. Walioingizwa walikuwamo Wang Jingwei, Sun Ke, Li Shizeng, Wu Chaoshu, Zhao Yuanren na Weng Wenhao. Pendekezo lilitoka katika Baraza Kuu la Elimu lililoongozwa na Cai Yuanpei, mkuu wa zamani wa Chuo Kikuu cha Beijing na mmoja wa wasomi walioheshimika kuliko wote nchini.

Serikali ilikuwa na hoja. Baraza la kwanza liliteuliwa na Cao Kun, aliyeupata urais mwaka 1923 kwa kuwahonga wabunge, na hilo lilijulikana na kila mtu. Gu Weijun alikuwa ametumikia serikali za majenerali wa kaskazini, na Nanjing ilikuwa imetoa hati ya kumkamata. Mwanamapinduzi aliyepigana kutoka Guangzhou hadi Beijing aliona ajabu kwamba kundi la watu walioteuliwa na utawala ulioanguka liendelee kuchaguana lenyewe kwa lenyewe na kushika mamilioni ya dola za umma. Mabadiliko ya dola, kwa fikra hiyo, yalipaswa kufika hata kwenye fedha za elimu.

Hu Shih, aliyechaguliwa kuwa mdhamini mwaka 1927, aliipinga amri hiyo ingawa jina lake mwenyewe lilikuwa katika orodha mpya. Agosti 1928 alimwandikia Cai Yuanpei, mtu aliyekuwa mlezi wake katika maisha ya taaluma. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni ya baraza kujichagulia wajumbe ndiyo ngao ya Wakfu. Serikali moja ikiruhusiwa kuivunja kwa sababu nzuri, serikali ijayo itaivunja kwa sababu mbaya, na Wakfu utakuwa kiambatisho cha kila baraza la mawaziri linaloingia madarakani. Alipendekeza baraza la zamani liachwe likutane, na mabadiliko ya watu yapitie kwenye kura zake.

Tahadhari ya wanadiplomasia

Kwa Marekani jambo hili lilikuwa na makali pande mbili. Kisheria ilikuwa na kauli. Azimio la mwaka 1924 liliacha namna ya kurudisha fedha kwa Rais wa Marekani, na amri ya Coolidge iliukabidhi Wakfu fedha kama ulivyoundwa mwaka 1924. Kama chombo kingine chenye jina lile lile kingejitokeza, mtu yeyote angeweza kuhoji kama ndicho kilichokusudiwa, na malipo yangeweza kusimama wakati mawakili wakibishana. Kisiasa, hata hivyo, kutishia kuzuia malipo kungeonekana kuwa ubeberu uleule uliozaa fidia. Kumbukumbu za tukio la Nanjing la Machi 1927, pale wageni waliposhambuliwa na meli za kivita za Uingereza na Marekani zikajibu kwa mizinga, bado zilikuwa mbichi. Tukio hilo lilisuluhishwa kati ya Marekani na Nanjing mwishoni mwa Machi 1928, miezi minne tu kabla ya amri ya kuubadili Wakfu.

Palikuwa na ugumu mwingine. Marekani ilikwisha kutangaza kwamba fedha zile ni za China na kwamba Wakfu ni chombo cha Wachina. Ikilalamika kwamba Yan Huiqing au Zhang Boling ameondolewa, ingekuwa inajipa haki ya kuchagua Wachina wa kuendesha chombo cha Kichina. Ikinyamaza kabisa, ingekuwa imekubali kwamba masharti ya amri ya Rais wake yanaweza kufutwa bila hata kuulizwa, na kwamba mtaji uliowekwa kwa ajili ya miaka ya baada ya 1940 unaweza kuchukuliwa na waziri wa fedha mwenye haraka.

Njia iliyofuatwa ilikuwa ya katikati. Hoja ilielekezwa kwenye utaratibu, na majina ya watu yakaachwa pembeni. Wanadiplomasia walieleza kwamba Marekani haina upinzani na mdhamini yeyote aliyetajwa na Nanjing, mradi aingie kwa mlango uliowekwa na katiba ya Wakfu. Mazungumzo yenyewe yalibebwa zaidi na wadhamini kuliko na ubalozi. Greene, aliyekuwa akiongoza shughuli za hospitali na chuo cha tiba mjini Beijing kwa miaka mingi na kufahamiana na viongozi wa Kichina, alikuwa kiungo muhimu. Mwishoni mwa 1928 Monroe alisafiri tena hadi China akiwa mdhamini na mwalimu, hadhi iliyomwezesha kukaa na mawaziri bila kikao hicho kuonekana kuwa madai ya dola moja kwa nyingine.

Upande wa China nao ulikuwa umebadilika katika miezi hiyo. Baraza Kuu la Elimu lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Wizara ya Elimu chini ya Jiang Menglin, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mdhamini wa Wakfu tangu mwanzo. Cai Yuanpei naye alikuwa mdhamini. Serikali kwa hiyo ilikuwa ikizungumza na watu wake wenyewe, na hilo lilirahisisha kulegeza msimamo bila kuvunjiwa heshima. Nanjing ilikubali baraza la zamani liitishwe kwa mara nyingine.

Mkutano wa Hangzhou

Baraza lilikutana Hangzhou mwanzoni mwa Januari 1929. Utaratibu uliofuatwa unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo suluhisho lote. Kikao kiliitishwa kwa jina la baraza lililoundwa mwaka 1924 na kwa kanuni zake. Wadhamini waliokuwa wamekataliwa na Serikali waliwasilisha barua za kujiuzulu, na baraza likazipokea. Kisha waliobaki wakapiga kura kujaza nafasi hizo, na waliochaguliwa wakawa Wang Jingwei, Sun Ke, Li Shizeng, Wu Chaoshu, Zhao Yuanren na Ren Hongjun. Isipokuwa Ren, wote walitoka katika orodha ya Julai.

Serikali ilipata karibu watu wote iliowataka. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia kwa amri yake. Kumbukumbu za kikao zilionyesha mlolongo usiokatika kutoka baraza la kwanza hadi la sasa, na Marekani haikuwa na sababu ya kuhoji kama chombo kinacholipwa ndicho kilekile. Kanuni ya kujichagulia wajumbe ilibaki mahali pake.

Hu Shih alikuwa miongoni mwa waliojiuzulu Hangzhou, ingawa Serikali ilikuwa inamtaka abaki. Mtu aliyeupigania utaratibu kwa nguvu zote hakutaka ionekane kwamba aliupigania ili alinde kiti chake. Wang Jingwei hakuchukua nafasi yake, na katika mkutano wa mwaka uliofanyika Tianjin mwezi Juni 1929 baraza lilimchagua Hu Shih kuwa mrithi wake. Cai Yuanpei alikuwa mwenyekiti mwaka huohuo, wadhifa alioushika hadi alipofariki Hong Kong mwaka 1940. Ren Hongjun, mwanakemia aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Jumuiya ya Sayansi ya China, akawa mkurugenzi.

Watu waliojiuzulu wanastahili shukrani yao. Zhang Boling alikuwa amejenga shule na chuo kikuu cha Nankai kwa jasho lake, na hakuna aliyemtuhumu kwa wizi wala uzembe. Yeye na wenzake waliondoka kimya ili taasisi ibaki.

Imani iliyozaliwa Hangzhou ilionekana mara moja. Mwaka 1929 Tsinghua, iliyokuwa imekuwa chuo kikuu mwaka uliotangulia chini ya Luo Jialun, ilihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje kwenda Wizara ya Elimu, na mfuko wake ukakabidhiwa Wakfu uutunze. Serikali iliyotaka kulivunja baraza mwaka mmoja nyuma sasa ililikabidhi dhamana kubwa zaidi. Msemo wa Waswahili kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ungeeleweka vizuri na Luo Jialun, aliyeona wazi kwamba chuo bila mfuko uliohesabiwa na watu huru hakina kesho.

Fidia za mataifa mengine

Thamani ya muundo huu huonekana ukilinganishwa na ya mataifa mengine yaliyorudisha fidia. Japani ilitenga fedha zake mwaka 1923 kwa sheria yake yenyewe, na akaunti ikabaki chini ya Wizara yake ya Mambo ya Nje. Kamati ya pamoja iliundwa, ikiongozwa na mwanahistoria Ke Shaomin, lakini uamuzi wa mwisho ulikuwa Tokyo. Jeshi la Japani lilipopigana na Wachina mjini Jinan mwezi Mei 1928, wajumbe wa Kichina walijitoa. Taasisi za utafiti zilizojengwa Beijing na Shanghai ziliendelea, ila mbele ya Wachina zikawa za wageni.

Muungano wa Kisovyeti uliacha fungu lake kwa makubaliano ya mwaka 1924 na kuweka tume ya watu watatu, Wachina wawili na Mrusi mmoja, ambayo ilitakiwa kuamua kwa kauli moja. Mrusi mmoja aliweza kuzuia lolote. Uingereza ilianza na kamati ya ushauri ya mwaka 1926 yenye Waingereza wengi na Wachina watatu, akiwamo Hu Shih. Baada ya mazungumzo marefu na Nanjing, hati zilizobadilishanwa Septemba 1930 ziliweka bodi ya wadhamini yenye Wachina wengi ndani ya China. Fedha za Uingereza zilikopeshwa kwanza kwa reli na viwanda, na riba yake ikaenda kwenye elimu. Hata London, kwa hiyo, ilifika mwishowe karibu na pale ambapo Wakfu wa China ulikuwa umeanzia.

Matunda ya miaka ya amani

Kati ya 1929 na 1937 Wakfu uliishi miaka yake mizuri kuliko yote. Mwanzoni mwa kipindi hicho bei ya fedha ya madini ilishuka duniani, na kwa kuwa mapato ya Wakfu yalikuwa dola za dhahabu huku matumizi yakiwa kwa yuan za fedha, kila dola ilinunua zaidi ya ilivyokadiriwa.

Maktaba ya Beihai iliunganishwa mwaka 1929 na maktaba ya taifa ya zamani, ikawa Maktaba ya Taifa ya Beiping chini ya usimamizi wa pamoja wa Wizara na Wakfu. Mwaka 1931 jengo lake jipya lilifunguliwa kando ya ziwa Beihai, likiwa na paa la vigae vya kijani la mtindo wa kasri na ndani yake vyumba vya kisasa vya kuhifadhi vitabu. Humo ziliwekwa juzuu zaidi ya 36,000 za nakala ya mkusanyo wa kifalme wa Siku Quanshu iliyotoka Jumba la Wenjin, na mtaa ulio mbele yake ukaitwa Wenjin. Yuan Tongli, aliyeiendesha maktaba siku kwa siku, aliifanya kuwa shule ya wakutubi wa nchi nzima. Wakati wa vita, masanduku 102 ya vitabu adimu yalipelekwa mwaka 1941 kuhifadhiwa katika Maktaba ya Kongresi mjini Washington.

Taasisi ya Biolojia iliyofunguliwa Oktoba 1928 kwa kumbukumbu ya Fan Yuanlian ilikusanya na kutaja mimea na wanyama wa China nzima chini ya Bing Zhi na Hu Xiansu, na mwaka 1934 ilisaidia kuanzisha bustani ya mimea ya Lushan. Hu Xiansu, pamoja na Zheng Wanjun, ndiye aliyeutambulisha kwa wanasayansi mwaka 1948 mti hai wa Metasequoia, uliokuwa umejulikana kwa visukuku tu.

Mwaka 1931 Wakfu na Chuo Kikuu cha Beijing viliafikiana kila upande utoe yuan 200,000 kwa mwaka kwa miaka mitano, ili kuajiri maprofesa wa utafiti na kununua vitabu na vifaa. Ruzuku ya Wakfu iliibeba pia Jumuiya ya Utafiti wa Usanifu Majengo wa China iliyoanzishwa na Zhu Qiqian. Wataalamu wake, Liang Sicheng na Lin Huiyin, walitembea mikoani wakipima mahekalu ya kale, na mwaka 1937 walithibitisha kwamba ukumbi wa mbao wa hekalu la Foguang katika milima ya Wutai ulijengwa mwaka 857.

Vita, utengano na leo

Vita na Japani vilianza Julai 1937. Januari 1939 China ilisimamisha malipo ya fidia yaliyokuwa yakitegemea forodha, kwa kuwa bandari kubwa zilikuwa mikononi mwa adui. Mapato ya Wakfu yalikauka, na mtaji uliotengwa tangu 1925 ndio uliouokoa. Mkataba kati ya China na Marekani wa tarehe 11 Januari 1943 ulifuta haki zilizobaki za itifaki ya 1901, na fidia ya Boxer ikafikia mwisho wake kisheria.

Mwaka 1949 serikali nyingine mpya ilitangazwa Beijing. Safari hii hakukuwa na Hangzhou. Sehemu kubwa ya mali ya Wakfu ilikuwa Marekani, mataifa hayo mawili yaliingia vitani Korea mwaka uliofuata, na mazungumzo hayakuwezekana. Taasisi za Wakfu zilizokuwa bara ziliingizwa katika vyombo vya Serikali mpya, na nyingi ziliendelea kufanya kazi nzuri. Ren Hongjun alibaki bara na akafariki Shanghai mwaka 1961. Baraza liliendelea nje ya bara, huku Hu Shih akishika majukumu ya ukurugenzi. Mapato ya mfuko wa Tsinghua yalimwezesha Mei Yiqi kukifungua upya chuo hicho Hsinchu, Taiwan, mwaka 1956. Wakfu wenyewe una makao yake Taipei hadi leo.

Fedha zilizoujenga Wakfu zilitolewa na Wachina waliolazimishwa kulipa, na msamaha uliozirudisha haukufuta dhuluma ya mwaka 1901. Haki pekee iliyowezekana baada ya hapo ilikuwa kuhakikisha kwamba kila taeli iliyorudi inawafikia watoto wa waliozilipa. Kwa robo karne Wakfu uliitimiza haki hiyo, na uliweza kwa sababu mwaka 1928 hakuna upande uliodai kushinda kabisa. Serikali ilipata watu wake, Marekani ikapata uhakika wa utaratibu, na wadhamini wakabaki na kura yao. Kila taifa linalounda mfuko wa pamoja na mgeni linapaswa kuiandika kanuni ya kura kabla ya kuandika kiasi cha fedha, kwa maana serikali zote mbili zitabadilika kabla mfuko haujaisha.